Kisomo Nilichokuwekea Ukiwa Hai

Mwalimu,

Arobaini yako hasa ni kesho, lakini kesho ni Jumatatu na watu wana shifti, kwa hiyo tumeifanya leo. Binti yako Salma yuko jikoni na akina mama wa msikitini tangu asubuhi. Pilau inanukia mpaka kituo cha basi. Mimi nimefukuzwa, eti nakata vitunguu vinene kama vya kulisha jeshi. Haya. Nimekuja kukaa hapa kibarazani kwenye kiti chako cha plastiki, kile ulichokifunga mguu kwa waya ukakataa kukitupa, nikaona bora nikuandikie kuliko kukaa natazama magari ya mtaa huu wa Black Rock yanavyopita. Nimetoka kanisani, sare ya kwaya bado iko mwilini, na saa nane nina kazi. Unaijua.

Najua hutaki salamu wala habari za watoto mpaka usikie kwanza habari ya kipindi. Basi sikia: funguo za studio bado ninazo. Meneja alituambia siku ile ya mazishi, kwa upole wake wote, kwamba saa ya Kiarabu isiyo na mtu wa kusema Kiarabu hawezi kuiacha hewani, na mwezi ukiisha ataipa watu wengine. Salma alimwambia yeye hawezi, akizivaa hedifoni zako ataanguka chini. Mimi nikamwambia Jumatatu nitamletea funguo. Nilimaanisha, Mwalimu. Nisamehe. Nitakueleza kwa nini sikuzipeleka, ila acha nianze mbali kidogo, maana leo nina muda na wewe huna pa kwenda.

Unakumbuka kiwanda cha biskuti? Mkanda ulikwama, msimamizi anahangaika na simu kutafuta fundi, mimi nikapiga magoti nikauchomoa ule mfuko ulionasa chini, mkanda ukatembea. Wewe ulikuwa upande wa pili, mzee mzima, nywele ndani ya wavu na ndevu ndani ya wavu wake. Ukaniambia kwa Kiswahili cha Buyenzi, Bujumbura, "Dada, wewe una mikono ya redio." Nikadhani unanitongoza. Nilikujibu maneno ambayo siwezi kuyarudia nikiwa na sare ya kwaya.

Kumbe ulikuwa umepewa saa moja kwenye ile redio ndogo ya jamii inayosikika hadi mtandaoni, kila Jumapili saa nane mchana, uwatangazie watu wa Kiarabu, Wasudani, Wairaki, Wayemeni, yeyote anayekisikia, na hukuwa na fundi mitambo. Wewe Mrundi wa Bujumbura uliyesoma Khartoum, unamtaka Mrundi wa kambini Kasulu asiyejua hata alifu, muende mkawapigie Waarabu redio hapa Buffalo. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Nikaenda kwa ubishi tu, nimwonyeshe.

Na siku ya kwanza nikajiaibisha. Sisi kule kambini Kiarabu tulikisikia kutoka mahali pamoja, kwenye kipaza sauti cha msikiti. Mtu akisema Kiarabu, basi anasali. Haikuwahi kuniingia akilini kwamba kuna mtu duniani anauliza bei ya nyanya kwa Kiarabu. Sasa ulipofika mwisho wa habari sauti yako ikashuka, ukawa unasoma polepole, kwa utulivu. Mimi nikafumba macho nikainamisha kichwa. Nikasema moyoni, dini si yangu lakini sala ni sala. Ulipomaliza nikaitikia "Amina" kwa sauti nzima, masikioni mwako. Ukanitazama kupitia kioo. Ukanionyesha kwa kidole niweke muziki, halafu ukacheka mpaka hedifoni zikakuanguka. "Esta," ukasema, "umeitikia amina kwa theluji ya inchi sita!" Kumbe ulikuwa unasoma hali ya hewa.

Tangu siku hiyo hukuwahi kuisoma bila kunitazama, na mimi sikuwahi kuacha kuitikia. Miaka kumi na moja. Mvua, amina. Upepo wa ziwani, amina. Mama Mchungaji aliponiuliza kanisani nafanya nini na redio ya Waislamu nikamwambia kazi yangu ni kuombea hali ya hewa, akaniacha.

Ulinifundisha kila kitu kwa kusema mara moja tu, ukirudia ulikuwa umekasirika. Ulisema fundi mitambo ana dhambi moja, nayo ni ukimya. "Weka chochote, Esta. Weka hata kikohozi changu. Lakini usiwaache watu na ukimya." Hilo nililishika kuliko yote, na ndilo lililokuja kunipeleka pabaya.

Na ni wewe uliyewaletea Waarabu salamu. Kadi za salamu zetu zile, tulizokuwa tukizisikia kwenye redio Tanzania, mtu anawasalimia shemeji, jirani, fundi baiskeli na wote wanaomfahamu, halafu mwisho anaweka ujumbe. Mwanzoni hawakuelewa faida yake. Baada ya miezi miwili wakawa wagonjwa wa salamu kutushinda sisi. Umm Yusufu, yule mama Mwiraki anayekaa Gahanna kule Columbus, Mkristo kama mimi, kila wiki alimsalimia dada yake aliye Basra, na tulijua kwamba anaiweka simu karibu na kompyuta ili dada asikie jina lake likitajwa Marekani. Idrisi, Msudani wa Louisville, aliwasalimia wenzake wote wa ghalani huko South End, akamaliza akaanza kuisalimia mashine ya kubebea mizigo, maana alikuwa ameipa jina la mama mkwe wake.

Lakini majina yalikuwa yale yale. Watu wanane, tisa, wakizidi sana. Ulifungua kipindi kila Jumapili kwa neno moja, la kwanza la Kiarabu nililojua maana yake: mnanisikia? Halafu ukanyamaza kidogo, kama vile kuna mtu atajibu. Nami nilikuona uso kupitia kioo. Siku moja tukitoka ukaniambia, "Tunao wasikilizaji wanane, Esta, na ukuta." Nikakuambia wanane wanatosha kubeba jeneza na wawili wakabaki. Hukucheka siku hiyo.

Basi, Januari. Figo zikakulaza hospitalini. Ulirekodi vipindi vitano ukiwa kitandani, pumzi inakukatika, nikavitia vyote kwenye flashi na kuzisafisha hizo pumzi moja moja. Viwili vikaenda vizuri. Jumapili ya tatu naingia studio, nachomeka flashi, haifunguki. Nachomoa, napuliza, nachomeka, wapi. Sekunde zinakwenda, hewa iko kimya, na sauti yako kichwani inaniambia weka chochote. Nikaliona faili la kisomo cha Kurani unalofungulia mwezi wa Ramadhani, lile lenye alama ya kijani. Kanisani kwetu spika zikikorofisha mtu anaanzisha wimbo wa polepole mpaka umeme urudi. Nikasema, hiki nacho ni kitu cha Mungu, kitatuliza watu. Nikakiweka. Nikakiacha saa nzima, bila neno.

Ningejuaje, Mwalimu? Hukuwahi kuniambia. Wasikilizaji wetu hao walikulia kwenye redio za kwao, ambako kipindi kikikatika ghafla, mtu asiseme lolote, kikawekwa kisomo mfululizo, basi sokoni kila mtu anaacha alichoshika na kuuliza, nani amekufa? Haihitaji tangazo. Kisomo chenyewe ndicho tangazo.

Simu ya kwanza, mwanamke analia. Nikadhani kisomo kimemgusa. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kiwandani, asante mama, Mungu akubariki. Simu ya pili, mwanamume, naye analia. Asante baba, Mungu akubariki. Ya tatu, ya nne. Watu ambao sijawahi kuwasikia! Nilifurahi siku ile, wee acha tu. Nikasema moyoni, Mwalimu akipata nafuu nitamwambia leo tumepata wasikilizaji.

Ulitoka hospitalini Jumatatu. Jumanne nimekuletea uji hapa nyumbani, kengele ya mlango ikalia, Salma akafungua. Yoo, mama wee! Umm Yusufu mlangoni, nguo nyeusi juu mpaka chini, amekumbatia sufuria la wali lililofungwa blanketi. Nyuma yake Idrisi na Wasudani wengine wawili, macho mekundu. Idrisi aliomba ruhusa kazini ya kwenda kuzika, akatoka Louisville, akampitia yule mama Gahanna, wakaja na theluji yote ile mpaka Buffalo. Na wewe umekaa kwenye kochi na bakuli la uji, soksi za Salma za rangi ya waridi miguuni.

Umm Yusufu alipiga ukelele, sufuria likamponyoka, Idrisi akalidaka. Wewe ukawatazama. Ukameza uji. Ukasema kitu kwa Kiarabu na wale Wasudani wakakaa chini kwenye zulia wakicheka na kulia pamoja. Idrisi alinitafsiria baadaye kwa Kiswahili chake cha kambi ya Kakuma, Kenya. Ulisema, "Karibuni. Mmewahi."

Nilipoelewa nilichokifanya nilijifungia chooni. Sikutaka kuona mtu. Nilikuwa nimemuua mwalimu wangu hewani, kwa kisomo, mimi mwanakwaya. Ukaja kugonga kwa fimbo. "Esta, toka humo. Umeniua vizuri. Njoo uone watu."

Na watu walikuwepo. Jumatano walikuja, Alhamisi walikuja, viatu vimejaa mlangoni mpaka kwenye theluji. Wengi hawakuwahi kutuma salamu hata moja. Yule Myemeni wa duka la barabara ya Niagara, aliyekuuzia maziwa miaka yote hiyo, amesimama mlangoni na katoni ya tende, anatazama chini. Akasema alikujua kwa sauti tangu siku ya kwanza ulipoingia dukani kununua chumvi, ila aliona haya kusema. Miaka yote hiyo! Ungeweza kumuua. Mwingine alikuwa amekuandalia maneno ya kukusifu msibani, ameyaandika kwenye karatasi, alipokuona uko hai akataka kuikunja. Ukamwambia asome, na asiruke chochote. Alisoma. Ulifunga macho ukawa unatikisa kichwa, na palipokuwa pamepungua ukamkumbusha.

Siku ya tatu ukamwambia Idrisi kwamba Waswahili wana neno lao, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hatukuwa nalo. Ukampa koleo la theluji, akasafisha njia mpaka barabarani na ya jirani pia.

Walipoondoka ulirudi kwenye kochi. Nilikuwa nakunja mablanketi. Ukasema, "Kumbe ukuta ulikuwa unasikia." Kisha ukalala pale pale kwenye kochi, na mimi nikaenda kuchukua basi, na ndani ya basi nikalia kwa furaha mpaka dereva akaniuliza kama niko salama.

Sasa sikia hili, na ni lazima nilitoe. Kwetu husemwa aliyezushiwa kifo umri wake unaongezeka. Mama yangu alilisema, bibi yangu alilisema. Mimi nililishika hilo kama ahadi. Nilihesabu: kama nimekuzushia kifo mbele ya miji mitatu, basi nimekupatia miaka kumi, haipungui. Nilitembea kifua mbele kanisani. Ulirudi studio, ukafungua kwa kusema mnanisikia, na safari hii hukungoja kwa uso ule. Ukaomba radhi kwa kutokufa. Nikaona, haya, mambo yamekaa sawa.

Wiki saba. Zilikuwa wiki saba tu, Mwalimu. Nilimkasirikia Mungu, nakwambia wazi, na Mchungaji nimemwambia pia. Siku ile ya Alhamisi Salma aliponipigia simu kiwandani nilivua wavu wa nywele nikautupa kwenye mkanda pamoja na biskuti. Nilikaa ndani ya gari la mume wangu nje ya hospitali nikaupiga usukani mpaka honi ikalia yenyewe. Ilikuwa uongo wa wazee, au mimi niliukosea, sijui. Mpaka leo linaniuma. Nilidhani nimekununulia umri, kumbe niliwaleta watu tu.

Ijumaa tukakuzika, na wasikilizaji hatukuwapigia simu, maana ulitaka waisikie habari hewani. Nilisimama nyuma na wanawake, Salma ameushika mkono wangu, kidole changu kimekufa ganzi na sikuutoa.

Na kulikuwa na ile kadi. Wiki ya tano ulinipa kadi ya salamu, nyuma yake umeandika maneno ya Kiarabu kwa herufi zetu, silabi kwa silabi, kama unamwandikia mtoto wa darasa la kwanza. Ukasema, "Siku ya kweli usiweke kisomo. Hawatakuamini. Fungua maikrofoni usome hii." Nikakwambia acha kujichuria. Nikakuuliza maana yake nini, ukasema ni tangazo tu la kifo, utaliweza. Sikuitazama. Niliisukuma mkobani chini ya pipi za wanangu na sikuitazama wiki zote mbili, kwa sababu niliogopa nikiisoma nitakuwa nimekuua mara ya pili.

Jumapili nikaenda studio peke yangu. Mpango wangu ulikuwa huu: nitangaze, nizime, nirudi nyumbani, na kesho yake nipeleke funguo. Mimi nani wa kushika kipindi cha Kiarabu? Nikaketi. Saa nane ikafika. Na kusema kweli niliogopa. Maikrofoni sikuwahi kuifungulia watu, miaka kumi na moja nilikuwa nyuma ya kioo. Mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye ile alama ya kijani, nikaweka kisomo.

Simu ikawaka. Idrisi. Anacheka! "Dada Esta! Umekosea tena? Mwambie mzee safari hii sitasafisha theluji." Nikakata. Ya pili, Umm Yusufu, naye sauti yake ina kicheko, ananiita jina langu, Esta, Esta, kama mtu anayemgombeza mtoto anayempenda. Nikakata. Hawakuniamini, Mwalimu, kama ulivyosema. Wangekaa siku nzima wakicheka na wewe uko ardhini.

Nikashusha kisomo. Nikatoa kadi, imeshika sukari ya pipi kwenye kona. Nikafungua maikrofoni na kuisoma. Sijui niliisomaje. Silabi kwa silabi, kama nilivyosoma kitabu cha kwanza kule kambini, kidole chini ya mstari. Jina lako nililisikia likipita. Mahali fulani nikasikia jina langu likipita, nikashtuka, nikadhani umeweka sahihi ya mtangazaji, nikaendelea. Nikamaliza. Nikaiweka kadi mezani. Nikakaa.

Simu ikawaka. Nikaiweka hewani kwa mazoea. Umm Yusufu. Analia, sasa analia kweli. Akasema neno moja. Amina.

Ikawaka nyingine. Yule Myemeni wa duka. Amina. Nyingine, mwanamke nisiyemjua. Amina. Nyingine. Nyingine. Wengine wanalia, wengine sauti kavu, hakuna aliyeongeza kitu, wanasema amina na kukata, na mimi nimekaa pale nafungua laini moja moja, sielewi, nadhani labda ndiyo desturi yao. Wa mwisho alikuwa Idrisi. Alisema amina, akavuta pumzi, akaniuliza kwa Kiswahili, hewani, mbele ya watu wote, "Dada, unajua ulichosoma?" Nikasema ni tangazo la kifo. Akasema, "Hapana. Ngoja nikusomee."

Na akanisomea. Nimeliomba tena mara nyingi mpaka nimelishika: "Ndugu zangu, mimi Hamisi nimekufa, na safari hii ni kweli. Anayewasomea haya haelewi anachosoma, msimcheke. Anaitwa Esta. Sauti yangu mliyoisikia miaka yote hii, yeye ndiye aliyeisafisha ikafika kwenu. Kuanzia leo kipindi ni chake. Hajui Kiarabu, mfundisheni. Alipokuja kwangu mara ya kwanza aliitikia amina kwenye hali ya hewa. Akimaliza kusoma, na ninyi mwitikieni."

Mzee mjanja wewe! Hukuniuliza. Ungeniuliza ningekataa, ulijua. Ukanifanya nijitangaze mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa lugha nisiyoijua, halafu ukawatuma watu wakaitikia. Nililia hewani, fundi mitambo mzima. Ukimya hapo ulikuwa mrefu na hakuna aliyelalamika.

Basi Jumatatu nilikwenda kwa meneja, funguo mkononi, nikamwambia nimekuja kumwambia sizirudishi. Akauliza nani atasema Kiarabu. Nikamwambia wote, isipokuwa mimi. Jumapili iliyofuata akaja kusikiliza, akakaa kwenye kile kiti cha wageni. Idrisi akasoma habari kutoka Louisville, amekaa ndani ya gari nje ya ghala wakati wa mapumziko, unasikia malori yakirudi nyuma. Umm Yusufu akasimulia hadithi ya Basra kutoka Gahanna na kila ndege ikipita juu ya nyumba yake anaitukana, nadhani anaitukana, akaendelea. Myemeni akaja mwenyewe studio, amefunga duka lake, akasoma salamu kwenye maikrofoni yako na jasho linamtoka. Meneja hakuelewa hata neno moja. Alitazama taa za simu jinsi zinavyowaka, akanyanyuka, akasema tuendelee. Leo ni mara ya sita.

Salma bado havai hedifoni zako, lakini wiki iliyopita alikuja akasimama mlangoni mpaka mwisho. Usimharakishe. Binti yangu Neema, yule anayenijibu kila kitu kwa Kiingereza, amenichorea alifabeti ya Kiarabu akaibandika kwenye friji, na ananicheka. Nimefika herufi ya kumi na mbili.

Na nina kitu changu mwenyewe kwenye kipindi, dakika moja. Umm Yusufu alinifundisha kwa simu, akanisahihisha hewani bila aibu, na Jumapili iliyopita nilikimaliza bila kosa. Ninasoma hali ya hewa.

Wananiita ndani, pilau iko tayari, na Idrisi amefika na wenzake, nasikia sauti yake. Safari hii hakuwahi, amekuja kwa wakati. Kwaheri, Mwalimu wangu. Mungu akulaze pema. Ninakuahidi kwamba Jumapili saa nane mchana hawatakuta ukimya, maadamu mikono yangu inafanya kazi, na atakayeuliza mnanisikia atajibiwa.

Leo kutakuwa na mvua nyepesi na upepo wa ziwani. Nikimaliza kuisoma nitanyamaza sekunde mbili. Najua ulinikataza. Hizo ni zako, uitikie.

Esta,
fundi mitambo wako